Jicho Apata Mtoto

Jina la Jicho alipewa gerejini, na aliyempa alikuwa mteja mwenye hasira. Mteja huyo alileta gari jekundu lililokwaruzwa ubavuni, akaapa kwamba hakuna fundi atakayeirudisha rangi ile kama ilivyokuwa, maana mafundi wawili walishajaribu wakazidisha ubaya. Siku aliyokuja kulichukua alilizunguka, akainama, akapapasa bati kwa kiganja, akashindwa kuonyesha mkwaruzo ulikuwa wapi. Akamtazama kijana aliyechanganya ile rangi, akasema kwa shingo upande, "Wewe una jicho." Wenzake wakacheka, na jina likamganda. Hata mama yake mzazi, aliyempa jina jingine kabisa, mwishowe alisalimu amri akawa anamwita Jicho.

Mama huyo ndiye aliyempa somo la kwanza la rangi, bila mwenyewe kujua kwamba anafundisha. Alikuwa na meza ya nyanya sokoni, chini ya turubai jekundu, na chini ya turubai lile kila nyanya ilikuwa imeiva. Wateja walijaza vikapu, wakafika kwao, wakazimwaga mezani karibu na dirisha, wakakuta nusu yake ni za manjano. Kesho yake walirudi na maneno. Mama aliapa kwamba hakumdanganya mtu, na alisema kweli, kwa kuwa hata yeye alizichagua chini ya turubai lilelile. Mtoto ndiye aliyegundua. Alitumwa kuosha nyanya bombani, akaziona zikibadilika mkononi mwake mara alipotoka juani. Akarudi nazo ndani, zikaiva. Akatoka nazo, zikawa mbichi.

"Mama, nyanya zinaiva humu ndani, halafu huko nje zinakuwa mbichi."

"Usiniletee mambo ya uchawi hapa," mama alijibu. Lakini alikwenda kujionea, na haikupita wiki turubai jekundu likashushwa, likapandishwa jeupe. Biashara ilipungua kidogo. Ugomvi ulipungua zaidi.

Alipokua alipelekwa kujifunza kazi kwa fundi rangi mmoja mtu mzima, mwenye maneno machache na kikohozi kingi. Fundi huyo hakupenda kueleza jambo, alipenda kuonyesha. Siku moja alipaka vibati viwili, kila kimoja kwa mchanganyiko wake wa kijivu, akaviweka chini ya taa ndefu nyeupe ya gerejini.

"Vinafanana?"

"Kama mapacha," Jicho akajibu.

Fundi akavibeba hadi mlangoni kwenye mwanga wa jua. Kimoja kikabaki kijivu. Cha pili kikaelekea zambarau.

"Rangi haiko yote kwenye kopo," akasema akikohoa. "Nusu iko kwenye kopo, nusu iko kwenye taa. Hiki kina wekundu ndani yake, lakini ile taa wekundu wake ni haba. Sasa atarudisha nini ambacho hakupewa?"

Kwa yule fundi, kila kitu kilikuwa mtu: bati, kitambaa, ukuta, wote walikuwa 'yeye'. Jicho naye akaichukua tabia hiyo. Tangu hapo hakulinganisha rangi chini ya taa hata siku moja. Alisubiri asubuhi, jua likishapanda, akasimama mlangoni penye kivuli chepesi, kibati mkono mmoja, kipande cha gari mkono wa pili. Na alianza kuona mambo mtaani ambayo wengine waliyapita. Alijua kwa nini muuza nyama alining'iniza balbu nyekundu juu ya nyama yake, na kwa nini nyama hiyo ilikuwa na sura nyingine kabisa ikifika jikoni. Alijua kwa nini gari la bluu, likiegeshwa chini ya taa za manjano za barabarani, hugeuka jeusi, mpaka mwenyewe anapita karibu nalo akilitafuta.

Elimu hiyohiyo ndiyo iliyompatia mke, ingawa kwanza ilimfukuzisha dukani. Alikuwa ameingia duka la vitambaa kununua matambara ya kufutia, akamkuta dada mmoja, fundi wa mapazia, anapimiwa kitambaa cha kijivu ili kiungane na kipande alichokuja nacho.

"Dada," Jicho akasema, "kitoe nje kwanza kabla hakijakatwa."

"Nikitoe nje nionekane mwizi?"

"Kitoe tu mlangoni. Hapa unadanganywa."

Mwenye duka akasikia neno 'unadanganywa'. Jicho alitolewa nje yeye mwenyewe kabla ya kitambaa, na matambara yake hakupata. Lakini yule dada aliingiwa na wasiwasi, akasogea mlangoni na vipande vyake viwili, akaona kimoja kina ukijani kama maji ya kisima. Baada ya hapo alimtafuta gerejini. Mara ya kwanza alikuja kushukuru. Mara ya pili alikuja kuuliza kuhusu nyuzi. Mara ya tatu hakuwa na sababu yoyote, na kaka yake, aliyekuwa fundi wa bodi na mtu wa masihara, akasema huyu sasa amepona ugonjwa wa nyuzi ameshikwa na mwingine.

Walioana. Kaka huyo akawa shemeji, na shemeji akawa mwenzi wa kazi. Walifungua gereji yao wawili, mmoja wa nyundo, mmoja wa rangi. "Mimi nanyoosha, yeye anadanganya," shemeji aliwaambia wateja. "Tukimaliza, hata gari lenyewe linasahau kwamba liligongwa." Miaka ikaenda hivyo, watoto wakakua, kila mmoja akashika njia yake, na nyumba ikabaki na mume, mke, cherehani na makopo ya rangi yaliyobaki kazini.

Mabaya hayakuja kwa kishindo. Hakuna asubuhi hata moja ambayo Jicho aliamka akakuta rangi imeondoka. Yalianza kwa magari meupe. Mtu alileta pikapu nyeupe iliyobonyea mlango. Shemeji akaunyoosha, Jicho akaupaka, na mtu akaondoka akiwa ameridhika kwa sababu mawingu yalikuwa mazito. Jua lilipotoka akarudi. Mlango ulikuwa na rangi ya siagi.

"Nyeupe ni nyeupe," Jicho alisema.

"Nyeupe ni hii," mwenye pikapu akasema, akigonga boneti. "Hii nyingine ni ya kupaka mkate."

Jicho aliangalia boneti, akaangalia mlango. Kwake yeye vilikuwa ndugu wa tumbo moja. Akaona huyu ni katika wale wateja wanaotafuta kasoro ili wafanyiwe kazi mara mbili. Akaupaka upya kwa kopo lilelile, akajisikia mvumilivu sana.

Halafu likaja gari dogo la bluu, la mwalimu mmoja wa shule ya jirani, mama mpole ambaye hata gari lake aliliendesha kwa upole. Aligongwa akiwa ameegesha. Jicho alichanganya bluu kwa asubuhi nzima, mlangoni, penye kivuli, kama alivyofundishwa. Mwalimu alipokuja, alisimama mbele ya mlango mpya, mikono kifuani, kimya kama anasahihisha mtihani wa mtoto anayempenda.

"Fundi, samahani," akasema, "huu mlango umetoka kwenye gari gani?"

Jicho akacheka kidogo. "Ni wa gari lako, mwalimu. Tofauti haipo."

Shemeji alikuwa amechuchumaa pembeni, nyundo mkononi. Akainuka, akapangusa jasho, na mbele ya mteja akasema, "Shemeji, tofauti ipo. Huu mlango unaelekea kwenye kijani."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Jicho alihisi damu ikimpanda usoni. "Kazi yako wewe ni nyundo," akasema. "Rangi mwachie mwenye macho."

Shemeji akachuchumaa tena. Mwalimu, ambaye hakutaka kuwa chanzo cha ugomvi wa watu wazima, alisema hakuna shida, akapanda gari lake la rangi mbili, akaenda zake. Kwa wiki kadhaa mashemeji hao walisalimiana kama watu waliokutana benki. Kisha siku moja Jicho alikuta gari la kijivu likikabidhiwa kwa mteja, na rangi yake hakuichanganya yeye. Akauliza. Shemeji akamwambia kweli bila kuificha: magari manne yalikuwa yamerudishwa, wengine walianza kupita mlangoni bila kuingia, na kazi hii aliipeleka kwa fundi mwingine.

"Kwa hiyo nimekufa, na mimi sijaambiwa," Jicho akasema.

"Hakuna aliyesema hivyo, shemeji. Ila ungekwenda ukaangaliwe na mtu wa macho."

"Macho yangu yanasoma maandishi ya chini kabisa ya kopo."

Na ni kweli, aliyasoma, akiyasogeza mwangani. Akakusanya bunduki yake ya kupulizia rangi, miiko yake na makopo yake, akaondoka. Hakupiga kelele. Mtu anayeondoka kwa kelele unaweza kumwita arudi. Yeye aliondoka kimya, na hilo ndilo lililomuuma shemeji.

Nyumbani mke akawa daraja la watu wawili wasiotaka kuvuka. Kaka yake alipita kumsalimu saa ambazo Jicho hayupo. Jicho alipokuwepo, jina la kaka halikutajwa, na kama lazima litajwe alisema "yule wa nyundo." Mke hakumwambia nani ana haki. Alimwambia tu, "Mimi wote wawili ni wangu. Msinifanye nichague, mtanizeesha."

Kukaa bila kazi kulimshinda. Akaanza kumsaidia mkewe mapazia: kupima, kukata, kushona pindo zile ndefu zisizohitaji ufundi mkubwa. Hakuwa mbaya. Mkono uliozoea kupaka rangi pasipo michirizi haushindwi kunyoosha mshono. Mke akamwachia pazia moja la bluu nzito, la ofisi fulani, akaenda kupeleka mzigo mwingine. Aliporudi alikuta pindo limekwisha, limenyooka vizuri, limeshonwa kwa uzi mweusi mwanzo hadi mwisho.

Aliliona lile pazia, akaona pia soksi za mumewe: moja nyeusi, moja bluu. Mambo ya mwaka mzima yakajipanga kichwani mwake kama sahani kabatini. Kesho yake, jua likishapanda, alitoa viti viwili mlangoni penye kivuli chepesi, akamwita.

"Baba watoto, njoo unisaidie kitu kidogo."

Akamwekea mapajani vibumba vitano vya uzi. "Nitengee vyeusi upande huu na vya bluu upande huu."

Jicho akavishika kimoja kimoja. Akavigeuza. Akavisogeza kwenye mwanga, akavirudisha kivulini. Hii ilikuwa saa yake, mahali pake, mwanga wake aliouamini kuliko maneno ya mtu yeyote. Hapakuwa na taa ya kulaumu wala kopo la kusingizia. Alikaa navyo mpaka mke akatamani asingeanza.

"Hivi vyote ni vyeusi," hatimaye akasema.

"Vitatu ni vya bluu."

"Vitatu?"

"Vitatu, mume wangu."

Jicho akavitazama tena. Mwisho akaviweka chini, taratibu, kana kwamba vingevunjika. "Kwa hiyo yule mwalimu," akasema, na hakumaliza.

Walikwenda kliniki ya macho pamoja. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Alimwekea kidevu kwenye mashine, akamulika jicho la kulia, akamulika la kushoto, kisha akasogeza kiti chake karibu.

"Una mtoto wa jicho," akasema. "Macho yote mawili."

Mke akajizuia, ikashindikana. "Basi Jicho amepata mtoto uzeeni," akasema, na daktari, ambaye hakulijua jina la mgonjwa wake la gerejini, akabaki akiwashangaa wote wawili wakicheka. Walimweleza. Naye akacheka, kisha akaeleza jambo lenyewe. Ndani ya jicho kuna kioo kidogo, laini, kinachopitisha mwanga. Umri ukienda, kioo hicho hupoteza uangavu wake. Kwa wengine huwa na ukungu, na hao hukimbilia hospitali mapema kwa sababu hawaoni vizuri. Kwa wengine, kama yeye, hugeuka manjano kwanza, polepole, na mtu huendelea kusoma na kutembea bila shaka yoyote.

"Manjano kama vanishi ya zamani?" Jicho akauliza.

"Ndivyo hasa. Na unajua kitu cha manjano kinaufanyia nini mwanga wa bluu?"

"Anaumeza." Alisema haraka, kama mwanafunzi aliyesubiri swali hilo maisha yake yote, kisha uso wake ukabadilika kwa sababu aliona jibu linaelekea wapi. Bluu ya gari la mwalimu ilitoka kwenye bati safi kabisa, ikapita hewani, ikafika mlangoni mwa jicho lake, ikamezwa hapo. Na siagi ikawa sawa na nyeupe, kwa sababu kinachotofautisha siagi na nyeupe ni bluu kidogo tu, na ile kidogo ndiyo iliyobaki nje. Alikuwa amevaa turubai la rangi ndani ya kichwa chake, na kwa nguvu zote akawaambia watu kwamba nyanya zimeiva.

Kwa nini hakuliona mwenyewe? Daktari alisema hakuna anayeliona. Ubongo huzoea. Kila siku hukuambia kwamba nyeupe ya leo ndiyo nyeupe ya jana.

Waliamua kufanyia upasuaji jicho moja kwanza. Kazi yenyewe haikuwa ndefu. Aliyekuwa na shida ni yeye, ambaye alishika mkono wa muuguzi kwa nguvu mpaka muuguzi akamkumbusha kwamba mkono huo utahitajika kesho. Kioo cha zamani kilitolewa, kikawekwa cha plastiki, safi.

Bandeji ilipofunguliwa, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa sare ya yule muuguzi. Alipoingia kliniki alikuwa na hakika kwamba ni nyeupe. Sasa ilikuwa bluu hafifu, kama maji yaliyotiwa kitone kimoja tu cha wino. Jicho akaziba jicho jipya kwa kiganja: nyeupe. Akaziba la zamani: bluu. Akafanya hivyo mpaka muuguzi akauliza kama kuna maumivu.

"Hakuna," akasema. "Nasubiri kuzoea."

Njiani alikuwa kama mgeni aliyeletwa mjini kwa mara ya kwanza. Mifuko ya plastiki, mabati ya paa, mistari ya sare za wanafunzi, vyote vilikuwa na kitu cha kumwambia. Anga alishindwa kulitazama muda mrefu. Mke alimshika mkono, si kwa sababu hakuona, ila kwa sababu aliona mno na hakuangalia anapokanyaga.

Alipomgeukia mkewe, akamtazama kwa makini.

"Mama watoto, umezeeka lini?"

"Ulipokuwa huoni," mke akajibu. "Nilitumia nafasi."

Kisha wakafika nyumbani, na Jicho akasimama barabarani.

Mwaka uliotangulia, kabla ya kuondoka gerejini, alikuwa ameipaka nyumba yao upya. Aliyakusanya makopo yote ya nyeupe yaliyobaki kazini, akafanya kazi kwa siku zake za mapumziko, akaimba. Ukuta wa mbele ulikuwa fahari yake. Sasa aliuona. Chini ya dirisha palikuwa peupe. Karibu na mlango palikuwa siagi. Kona ya kushoto ilikuwa na rangi ya jino la mvuta sigara. Pale juu, alipopandia ngazi akajisikia kijana, palikuwa na baka la maziwa yaliyoungua, na mipaka ya mabaka yote ilikuwa imenyooka kwa ustadi mkubwa.

"Imekaa hivi muda wote?"

"Muda wote."

"Na majirani?"

"Wanasema nyumba ya ng'ombe. Kwa upendo."

"Kwa nini hukuniambia?"

Mke alifungua lango kwanza. "Ulikuwa umesimama hapohapo uliposimama sasa, na brashi mkononi, na furaha ambayo sijaiona kwako tangu watoto waondoke. Nikasema, ukuta ni ukuta."

Jicho aliingia ndani, akakaa, akanywa chai aliyopewa, na wakati wote huo macho yake yalikuwa yanafumba na kufumbua kwa zamu. Kwa jicho la zamani chumba kilikuwa jioni, chenye joto, kila kitu kimepakwa asali. Kwa jicho jipya kilikuwa asubuhi, chenye vumbi lake na madoa yake. Alimwambia mkewe kwamba la zamani lina huruma zaidi. Mke akasema huruma ndiyo iliyoshona pazia la bluu kwa uzi mweusi.

Siku aliyoruhusiwa kutoka nyumbani, alivaa miwani ya jua akaenda gerejini. Shemeji alikuwa chini ya boneti, anagonga. Alikiona kivuli, akakitambua kabla ya mtu, akaendelea kugonga mapigo mawili matatu ambayo bati halikuyahitaji.

"Nimesikia umepata mtoto," akasema bila kuinuka.

"Nilikuwa nao wawili. Mmoja amehama."

"Anafanana na nani?"

"Hakufanana na mtu. Alikuwa na rangi ya chai ya jana."

Nyundo ikatulia. Shemeji akatoka, akajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. Jicho akavua miwani.

"Ule mlango ulikuwa unaelekea kwenye kijani," Jicho akasema. "Sijauona, lakini najua. Mimi ndiye sikuwa naona, na wewe nikakutukana mbele ya watu."

"Na mimi ningekuita pembeni," shemeji akasema. "Mambo ya ndani hayasemwi mbele ya mteja. Nimelifikiria hilo mara nyingi." Akatazama chini. "Halafu kazi nikaipeleka nje. Ilinitesa, shemeji. Yule fundi anapaka vizuri, lakini hacheki."

Wakasimama hapo, watu wawili wenye mvi, hakuna aliyejua afanye nini na mikono yake. Shemeji ndiye aliyekata shauri. Akachukua kifuniko cha kopo kilichokuwa na rangi iliyokauka, akamnyooshea. "Hii rangi gani?"

"Bluu."

Akachukua kingine. "Na hii?"

"Nyeusi. Na iko nyingine hapo nyuma yako unataka kunitega nayo, ni bluu nzito."

"Rudi kazini," shemeji akasema.

Jicho la pili lilikawia kidogo, kwa sababu mwenyewe alikuwa akilionea uchungu. Alijua likishafanyiwa kazi hatakuwa tena na mahali pa kuchungulia zile jioni za asali. Aliendelea nalo kwa muda, akilinganisha, mpaka siku alipoanza kuumwa kichwa kwa kuziba na kuzibua, na mke akamwambia hakuna mtu anayeishi nyumba mbili akapumzika hata moja. Akaenda, wakamaliza.

Kazi ya kwanza aliyoifanya ilikuwa kuwatafuta wale aliowapaka vibaya. Mwenye pikapu alikuja siku hiyohiyo, akaondoka na mlango mweupe na mzaha mmoja kuhusu mkate. Mwingine alishauza gari, akamwambia aliyenunua aliipenda ile rangi akidhani ni mtindo. Mwingine alikuwa bado na hasira, akataka bampa ipakwe pia, ikapakwa.

Mwalimu alikuja wa mwisho, kwa upole wake. Jicho alilizunguka gari la bluu, na kwa mara ya kwanza akauona mlango wake. Shemeji alikuwa amemstahi. Haukuwa unaelekea kwenye kijani. Ulishafika huko zamani ukajenga.

"Mwalimu, niachie leo tu. Kesho litakuwa gari moja."

Mwalimu akafikiri. "Liache, fundi."

"Liko vibaya, mwalimu."

"Najua. Lakini maegesho ya shuleni yana magari matano ya bluu kama hili. Zamani nilikuwa nafungua ya wenzangu. Sasa naliona langu toka getini." Akafungua mlango wa kijani, akaingia. "Nirekebishie taa ya nyuma."

Akamrekebishia taa ya nyuma. Iliuma, kwa fundi, kuliona lile gari likitoka na makosa yake hadharani, na bado huwa anageuza uso likipita. Ukuta wa nyumba aliupaka upya kwa kopo moja, rangi moja, na majirani wakasikitika kidogo.

Siku hizi anafanya kazi nusu siku. Anachanganya rangi asubuhi kama zamani, anasimama mlangoni kama zamani, lakini hapulizi papo hapo. Kwanza humwita shemeji. Shemeji asipokuwepo humwita yeyote aliye karibu: dereva anayesubiri, mtu wa barua, mama anayeuza chai ng'ambo ya barabara. Asubuhi moja alimwonyesha mama huyo vibati viwili vya rangi ya fedha, alivyovihangaikia tangu alfajiri alipofungua gereji, akamuuliza kama anaona tofauti.

Mama wa chai aliweka birika chini. Akaangalia bila haraka. "Hiki," akasema, akigusa cha kushoto, "kimepoa kidogo."

Jicho alikitazama cha kushoto kwa macho yake mawili mapya. Hakuona kitu. Akakitazama tena, akakielekeza pembeni, na hapo, kwa mbali sana, akaiona bluu.

"Asante, mama," akasema, akarudi ndani kuongeza tone la manjano.